Kufuga Maji

Mwantumu hakuniuzia samaki.
Nilikwenda dukani kwake, Magomeni Mapipa,
mfukoni laki na nusu ya sare za shule,
vidole bado vina chaki ya kukatia,
nikamwonyesha: yule.
Kitatange. Njano, nyeusi, na buluu ya pindo
ambayo miaka ishirini na sita ya cherehani
sijawahi kuipatia uzi wake.

"Tangi lako lina umri gani?"
Nilidhani anauliza wangu, nikacheka.
"Nimelinunua jana."
Akafuta mikono kwenye kanga, taratibu,
kama daktari kabla ya neno.
"Basi huna tangi. Una sanduku la kioo."

Nikamwambia, kilicho baharini kakingoje ufukoni,
nami nimengoja vya kutosha.
Akagonga kioo kwa ukucha.
"Ufuko wenyewe ndio huu. Ngoja hapa."

Kangaja, je?
"Ana wembe mkiani, na anaogelea kama anayedaiwa.
Futi zako tatu atakwenda, atarudi, atakwenda, atarudi,
mpaka augue."
Kikande?
"Atatafuna konokono, kisha waya wa pampu,
kisha wewe."
Na kale kachewa kenye madoa?
"Leo kana urefu wa sindano yako.
Mwakani katakuwa peke yake humo
na hutaona maiti hata moja."
Bunju?
"Bunju ni kituo cha mwisho, fundi.
Wewe ndiyo kwanza uko Mapipa."

Nikarudi kwa yule wangu wa pindo la buluu.
Hapo hakutania.
Akanipeleka nyuma, kwenye tangi lisilo na taa:
kitatange mwingine, rangi zote zimo,
tumbo limebonyea kama mfuko wa shati jipya.
"Huyu anakula matumbawe hai tu.
Aliyeniuzia alijua.
Leo siku ya kumi na moja.
Namtilia chakula, ananitazama."

Nikarudi nyumbani na chumvi,
mawe yenye matundu, kipima-chumvi,
na vichupa vya kupimia sumu isiyoonekana.

Wiki tano.
Mama Chiku wa chumba cha pili akawa analeta wageni:
"Huyu ndiye fundi wangu. Wenzake wanafuga kuku.
Yeye anafuga maji."
Kila alfajiri natia tone, natikisa,
nalinganisha na karatasi kama mteja mbishi wa uzi:
kijani. Kijani. Kijani kilichofifia.
Maji yakipunguzwa na joto la Januari
naongeza yasiyo na chumvi, maana chumvi haipai na mvuke.
(Hilo nilikosea mara mbili.)
Kisha asubuhi moja, njano. Njano tupu,
na tangini hakuna wa kumwambia.

Wawili tu, akasema Mwantumu.
Rangi ya chungwa, mkanda mweupe shingoni
kama kola ya darasa la kwanza.
Wamezaliwa kwenye pipa la mtu, uani, Mbezi;
bahari hawajaiona,
punje wanaijua.
"Hawa wanasamehe," akasema.
Kisha akafikiri.
"Kidogo."
Sikuuliza habari za tangi la nyuma.
Niliona limegeuzwa, linakauka.

Usiku wa pili umeme ukakatika.
Pampu ikanyamaza na nyumba nzima ikasikika:
koo la mtoto, mlango, mbu.
Nikashika upawa wa jikoni,
nikachota maji, nikayamwaga kutoka juu yapate hewa,
nikachota, nikamwaga,
saa sita, saa saba, saa nane na ushei,
bega linawaka.

Mama Chiku akaja na tochi ya simu.
Nilingoja kicheko.
"Wako wapi?"
Akamulika. Pembeni, chini ya jiwe,
kola mbili nyeupe, zinapumua.
Akazitazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Lete huo upawa," akasema.
"Mkono wako una sare za watu kesho."